Daftari Libaki Lako

Mwanangu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Bosi ameridhia mjitengenezee mfumo wa stoo, na wewe umebaki na majukwaa matatu mkononi: Power Apps, AppSheet na Appsmith. Unataka nikutajie moja, tena haraka, maana kikao cha mwisho wa mwezi kinakusubiri. Nitakutajia, ila si sasa hivi. Nikikutajia sasa hutasoma yaliyobaki, na yaliyobaki ndiyo hasa ninayotaka uyasikie. Ukienda kuchagua, anza na swali la kutoka. Siku mtakayolihama jukwaa hilo, iwe kwa kupenda au kwa kufukuzwa, mtaondoka na nini?

Video ulizonitumia nimezitazama. Kijana ameketi, anaburuta kisanduku hapa, kitufe pale, anaunganisha na jedwali la Excel, na kabla chai yake haijapoa ana programu ya kupokea mzigo yenye picha, saini na ripoti ya siku. Sina kejeli juu ya hilo. Enzi zetu kazi kama ile ingemchukua mtaalamu wiki kadhaa na kuishia kwenye bili ambayo mwenye duka angeikataa mlangoni. Stoo yenu ya Mbeya inaandika mifuko ya saruji kwenye daftari la mkono, mtu anapiga picha ukurasa na kuutuma WhatsApp, halafu wewe Dar es Salaam unauchapa upya kwenye Excel. Hali hiyo inataka dawa, na dawa yenyewe leo inaweza kutengenezwa na mtu kama wewe ambaye hakusomea uhandisi wa programu. Lakini angalia video zinaishia wapi. Zinaishia pale programu inapoanza kutumika. Mwaka wa tatu hauonyeshwi, wakati watumiaji wameshakuwa sitini, aliyeitengeneza amepata kazi benki, bei imebadilika, na stoo kipa analalamika kwamba jumla ya kwenye simu haikubaliani na mzigo anaouona kwa macho.

Usidhani pia kwamba mambo haya yamezaliwa na kizazi chenu. Hilo jina la majukwaa ya msimbo mchache lilianza kuvuma baada ya kampuni ya utafiti ya Forrester, ya Marekani, kulitumia mwaka 2014. Kitu chenyewe kilikuwepo zamani. Access ya Microsoft ilitoka mwaka 1992, na kabla yake zilikuwepo dBase na FoxPro, ambazo mhasibu mwenye subira aliweza kuzitumia kujitengenezea leja ya wadaiwa bila kumwita fundi yeyote. Hapa Dar es Salaam nimeziona ofisi zikilipa mishahara, zikihesabu vipuri na kukusanya ada za shule kwa FoxPro, kwa mifumo iliyoandikwa na karani mmoja aliyejifunza kwenye kitabu cha kuazima. Ilikuwa kazi safi, na baadhi yake ilidumu kuliko walioiandika.

Microsoft iliinunua kampuni ya Fox mwaka huohuo wa 1992. Toleo la mwisho, Visual FoxPro 9, likatoka mwaka 2004. Mwaka 2007 wakatangaza kwamba la kumi halitakuwepo, na Januari 2015 msaada wa kiufundi ukakoma. Hapo ndipo nataka utulie kidogo. FoxPro iliachwa, lakini data yake ipo. Ilihifadhiwa kwenye mafaili ya DBF, ambayo muundo wake ulijulikana na kila mtu. Leo hii ukichukua faili la DBF la mwaka 1996 ukalifungua kwa LibreOffice, programu ya bure, utaona majina, tarehe na viasi kama vilivyoachwa. Skrini zimekwenda, vitufe vimekwenda, ripoti zilizopangwa vizuri zimekwenda. Daftari limebaki.

Sasa linganisha na ya juzi. Google walitangaza App Maker mwaka 2016, mahususi kwa kazi kama yako: fomu na vibali vya ndani ya ofisi. Januari 2020 wakasema wanaifunga, na tarehe 19 Januari 2021 programu zote zilizojengwa humo zikaacha kufanya kazi. Hazikuweza kuhamishwa kwenda kokote, kwa sababu zilikuwa zimeandikwa kwa namna ambayo App Maker peke yake ndiyo iliyoielewa. Waliokuwa wameweka data yao kwenye Cloud SQL, ambayo ni kanzidata ya kawaida, walibaki na data yao na wakajenga skrini upya mahali pengine. Amazon nao walizindua Honeycode Juni 2020, wakaifunga tarehe 29 Februari 2024. Haikutimiza hata miaka minne. Na hao si vijana wawili waliokodi fremu Sinza, ni Google na Amazon. Nakuambia haya kwa sababu najua hoja ya kwanza itakayotolewa kikaoni: "Hii ni ya kampuni kubwa, haiwezi kufa." Kampuni kubwa ndiyo yenye uwezo wa kuifunga bidhaa moja na asubuhi yake ikaendelea na biashara kama kawaida. Anayeumia ni wewe na stoo yako ya Mbeya.

Tena kuna jambo la kuchekesha. Mwezi uleule wa Januari 2020 ambao Google walitangaza kuifunga App Maker ndio waliotangaza kuinunua AppSheet, iliyomo kwenye orodha yako. Sisemi AppSheet nayo itafungwa. Nasema mtu akija na kalamu kukuhakikishia kwamba haitafungwa, muulize anahakikisha kwa mamlaka gani.

Jukwaa ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi, kubadilisha kufuli, au kukuambia anataka kujenga ghorofa. Hakuna ubaya katika kupanga, wengi wetu tumelelewa kwenye nyumba za kupanga, na ukipanga hulazimiki kuchimba msingi. Ubaya unaanza pale unapojengea kabati lako ukutani, kiasi kwamba siku ya kuhama itabidi ulivunje.

Kwa hiyo, ukiyaangalia majukwaa haya, usiyagawe kwa uzuri wa skrini. Yagawe kwa mahali daftari linapokaa. Yapo yanayotaka data ikae kwao. Airtable ni hivyo. Power Apps ukiitumia na orodha za SharePoint au na Dataverse ni hivyo pia. Utaweza kupakua majedwali yako, ndiyo, lakini uhusiano kati ya jedwali na jedwali, kanuni za nani aone nini, na historia ya mabadiliko, hayo yote huyapati kwa kubofya mara moja. Kuna mengine ambayo kazi yake ni kuchora skrini juu ya kanzidata ambayo tayari ni yako: Appsmith, Retool, ToolJet, na mengineyo ya ukoo huo. Wewe unaweka PostgreSQL au MySQL kwenye seva yako au ya kukodi, jukwaa linaunganishwa kwa nywila, linasoma na kuandika. Siku likikuudhi unabadilisha nywila na kuunganisha jingine. AppSheet iko katikati. Inaweza kukaa juu ya Google Sheets, na pia inaweza kuunganishwa na kanzidata yako, ila uliza kwanza ni mpango gani wa malipo unaoruhusu hilo.

Mimi naegemea upande wa pili, na sifichi. Ukitaka mfano wa jukwaa lililoishi muda mrefu, tazama APEX ya Oracle. Ilianza mwaka 2004 kwa jina la HTML DB na bado inatumika, kwa sehemu kubwa kwa sababu haikujitenga na kanzidata. Imo ndani yake, na anayejua SQL anajua tayari nusu ya kazi. Sikushauri mwende Oracle, maana hamna mtu wa kuihudumia na siku mkitaka zaidi ya toleo la bure mtashtuka. Nakuonyesha tu uimara wake unatoka wapi.

Mfano mwingine ninaoupenda zaidi umetumika sana kwetu huku. Mwaka 2008, watu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walianza kutengeneza ODK, programu ya kukusanya taarifa kwa simu ya Android. Ilienea Kenya, Uganda na hapa kwetu kupitia miradi ya afya na kilimo. Mtafiti anajaza fomu kijijini bila mtandao, akifika mjini anatuma. Lakini kilichonivutia mimi si simu. Fomu yenyewe inaandikwa kwenye jedwali la Excel kwa utaratibu unaoitwa XLSForm: kolamu moja ina aina ya swali, nyingine ina jina, nyingine ina maneno ya kumsomea mhojiwa. Utaratibu huo haumilikiwi na duka moja. Fomu uliyoiandika kwa ajili ya ODK unaweza kuipeleka KoboToolbox, au SurveyCTO, na kwa marekebisho kidogo ikafanya kazi. Huko unaweza kuhama hata na fomu yenyewe, achilia mbali data. Majukwaa ya ofisi bado hayajafika huko, na sidhani wenyewe wana haraka ya kufika.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana bosi wako ni mfanyabiashara.

Muuzaji atakuambia bei ya mtumiaji mmoja kwa mwezi. Kaa chini uhesabu watumiaji ni nani. Stoo kipa watatu, makarani, madereva wanaosaini hati za kupokelea mzigo mara moja kwa wiki, mhasibu, bosi mwenyewe anayetaka kuona ripoti Jumamosi jioni. Majukwaa mengi humhesabu dereva wa mara moja kwa wiki kama mtu kamili. Kwa bei ya dola 20 kwa mtu kwa mwezi, ambayo Power Apps waliitangaza mwaka 2021 baada ya kuishusha kutoka 40, watu 60 ni dola 14,400 kwa mwaka. Geuza kuwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo, kisha uongeze nafasi ya shilingi kushuka. Na usiishie kwenye bei ya leo. Oktoba 2019 Microsoft walikihamisha kiunganishi cha SQL Server kutoka kundi la kawaida kwenda kundi la kulipia zaidi. Waliokuwa wamejenga vizuri, juu ya kanzidata yao wenyewe kama ninavyokushauri mimi, wakakuta njia ya kuifikia kanzidata hiyo imewekewa geti la kulipia. Kwa hiyo hata ushauri wangu una tundu lake: daftari likiwa lako, njia ya kulifikia bado inaweza kutozwa. Tofauti ni kwamba mwenye daftari anaweza kutafuta njia nyingine.

Appsmith ni ya chanzo huria na unaweza kuiweka kwenye seva yako bila kulipa leseni. Vijana mkisikia hivyo mnasema bure. Nani atasasisha seva hiyo? Nani atahakikisha nakala ya akiba ya jana usiku imekamilika na inafunguka? Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, nani ataiwasha? Kama jibu la maswali yote ni "mimi", basi andika saa hizo kwenye bajeti kama mshahara, na mwambie bosi atafute mtu wa pili wa kukusaidia. Mimi ningekodi seva ndogo kwa kampuni inayoaminika kuliko kuiweka chini ya meza ya mhasibu, ambako nimeshaona mtu akiichomoa ili achaji simu.

Kuna ukuta mwingine ambao hautajwi hadi ujigonge nao. Majukwaa haya yana mipaka ya idadi ya mistari, na ubaya wa mipaka hiyo ni ukimya. Kwenye Power Apps, ukiandika hesabu ambayo jukwaa haliwezi kuikabidhi kwa kanzidata ifanyike kulekule, lenyewe huchukua mistari 500 ya kwanza na kuhesabu hiyo tu. Unaweza kuipandisha hadi 2,000, basi. Wewe unayejenga utaona alama ya onyo. Stoo kipa haoni chochote. Anaona jumla, namba nzuri imeandikwa kwa herufi nene, nayo ni ya uongo. Mwezi wa kwanza haitagundulika kwa sababu mistari ni michache. Mwezi wa tano mtaanza kutuhumiana wizi.

Usidhani hilo huwapata wadogo peke yao. Mwaka 2020, wakati wa korona, shirika la afya ya umma la Uingereza lilikuwa likipitisha matokeo ya vipimo kwenye mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, ambao hauwezi kuzidi mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilidondoka kimyakimya. Watu 15,841 waliokutwa na maambukizi hawakuingia kwenye hesabu kwa siku kadhaa, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari linalokata kurasa zake lenyewe nalo ni walewale. Kabla hujasaini chochote, jaza jedwali la majaribio mistari laki moja ya uongo, kisha uombe jumla. Hesabu jumla hiyo pembeni kwa njia nyingine. Zikitofautiana, usikubali maelezo ya mdomo.

Mtandao sitaurefusha, unaujua kuliko mimi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Afrika Mashariki nzima iliona intaneti ikidorora, na ofisi zilizoweka kila kitu kwenye seva za ng'ambo zilikaa zikitazamana. Lori likifika Mbeya saa kumi na mbili jioni, mtandao uwepo usiwepo, mzigo utashushwa. Stoo kipa anahitaji kuandika pale pale na kutuma baadaye. AppSheet inaweza kufanya hivyo. Appsmith hutegemea mawasiliano kati ya kivinjari na seva. Hilo peke yake linaweza kuamua nusu ya mjadala wenu.

Halafu kuna usalama, na hapa vijana wengi mnadhani ni kazi ya jukwaa. Agosti 2021 kampuni ya usalama ya UpGuard ilieleza jinsi tovuti zilizojengwa kwa Power Apps zilivyokuwa zimeacha wazi kumbukumbu milioni 38. Zilikuwamo za mashirika makubwa, kina American Airlines na Ford, na za idara za serikali Marekani. Hakuna aliyevunja mlango. Mpangilio wa awali haukuwa umefunga orodha zenye kumbukumbu hizo, na waliojenga hawakujua kwamba walitakiwa kuzifunga wenyewe. Microsoft baadaye walibadilisha mpangilio huo. Wewe utakuwa na namba za simu za wateja, madeni yao, pengine na nakala za vitambulisho vya madereva. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Mkiamua kufungua tawi Mombasa, Kenya nao wana sheria yao ya mwaka 2019. Muulize muuzaji data inalala nchi gani, na jibu lake uliweke kwenye maandishi.

Jambo dogo linalofanana na hilo, ila limeua mifumo mingi kuliko wadukuzi: akaunti. Usijenge mfumo wa kampuni kwa akaunti yako binafsi ya Gmail, hata kama unataka "kujaribu tu". Majaribio huwa mfumo bila mtu kutangaza. Ukiondoka, mtiririko wa vibali uliokuwa ukitembea kwa jina lako utasimama siku akaunti yako itakapofungwa, na bosi atakupigia simu ukiwa kwenye kazi mpya. Fungua akaunti kwa jina la cheo, nywila iwekwe kwenye bahasha ndani ya sefu ya mhasibu. Wenzako watakucheka kwamba hiyo ni mbinu ya kizee. Waache.

Naona pia kwenye orodha yako umeandika mambo ya kujenga, na mengine nimeyakata. Mishahara usijenge. Leja kuu ya hesabu usijenge. Risiti za kodi, zile zinazokwenda TRA, usizijengee kitu cha kwako, nunua kilichokubalika na mamlaka. Hayo yana sheria zinazobadilika kila bajeti ikisomwa, na wapo watu wanaolipwa kuzifuatilia. Wewe jenga vile vya katikati ambavyo hakuna anayeviuza kwa sababu ni vyenu peke yenu: ombi la peti keshi, kibali cha lori kutoka, kupokea mzigo wenye mifuko iliyopasuka, nani amechukua toroli na hakulirudisha. Huko ndiko majukwaa haya yanakolipa gharama zake.

Na kabla ya kujenga hata kimoja, panda basi uende Mbeya. Kaa stoo siku nzima, usiongee sana. Mwamkie yule mama anayetunza stoo, mwombe akuonyeshe daftari lake. Utakuta ana kolamu ambayo hukuijua, pengine imeandikwa kwa kalamu nyekundu, ya mifuko aliyoikopesha kwa fundi wa jirani kwa ruhusa ya mdomo ya bosi. Mfumo wako usipokuwa na mahali pa kuandika hiyo, yeye ataendelea na daftari lake na kuijaza programu yako mwisho wa siku ili kukuridhisha. Nimeona mifumo ya bei kubwa ikifa kwa kukosa kolamu ya namna hiyo.

Utaniuliza pia kuhusu akili mnemba, kwamba siku hizi ukiieleza inakuandikia msimbo wote, sasa jukwaa la nini. Hoja hiyo ina uzito na sitaibeza. Inaweza kukuandikia skrini nzuri kwa mchana mmoja. Lakini msimbo ulioandikiwa na usiousoma bado utahitaji mtu wa kuutunza, na jukwaa angalau limekupunguzia kuandika upya mambo ya kuingia kwenye mfumo, ruhusa na kumbukumbu za nani alibadilisha nini. Vyovyote iwavyo, uzuri wa kuweka daftari pembeni ni kwamba skrini zikiwa rahisi kutengeneza kuliko leo, wewe ndiye utakayefaidi kwanza.

Haya, jina ulilolisubiri. Kama kampuni yenu ingekuwa tayari inalipia Microsoft kwa barua pepe na kila kitu, ningekuambia Power Apps na macho mawili kwenye leseni. Hamlipii, mna Excel tu, kwa hiyo iache. Anza na PostgreSQL kwenye seva ya kukodi, hiyo iwe ya kampuni, imelipiwa na kampuni, kwa jina la kampuni. Juu yake weka AppSheet kwa watu wa stoo, kwa sababu ya mtandao wa Mbeya, na uthibitishe kwanza mpango wa malipo unaoruhusu kuunganisha kanzidata. Watu wa makao makuu, wanaokaa mezani na mtandao mzuri, watengenezee skrini zao kwa Appsmith. Ndiyo, ni majukwaa mawili, na utalalamika kwamba nimekuongezea kazi. Kazi imeongezeka kidogo. Lakini tangu siku ya kwanza utakuwa umethibitisha kwa vitendo kwamba daftari moja linaweza kusomwa na madirisha mawili, na kwamba moja likifungwa jingine linabaki wazi.

Anza na stoo yenu ya Morogoro, iliyo karibu, kwa fomu moja tu ya kupokea mzigo. Ikienda vizuri mwezi mzima, fanya jaribio hili mbele ya mhasibu: toa data yote nje kwa mafaili ya CSV, mpe kijana mwingine ambaye hakuhusika, umwombe akuambie saruji iliyoingia wiki ya pili ni mifuko mingapi, bila kufungua programu yako. Akipata jibu linalolingana na daftari la mkono la stoo kipa, endelea na Mbeya. Asipopata, tengeneza majina ya kolamu upya kwanza. Kolamu zinazoitwa "f1" na "tarehe_mpya2" ndizo humchanganya mtu.

Matokeo hayo ndiyo uyaambatanishe na barua ya bosi, pamoja na gharama za miaka mitatu kwa shilingi, mshahara wa mtu wa pili ukiwemo. Mwombe mhasibu asaini chini yako. Rasimu nitumie kabla ya Ijumaa.